Padeli: miguu itue kwanza, ndipo mkono upige

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme neno kuhusu padeli, mchezo wa raketi ambao viwanja vyake vimeanza kuzoeleka Dar es Salaam na Nairobi, na ambao kwa ndugu zetu wa Muscat, Dubai na Doha umeshika kasi kwelikweli. Neno letu ni moja tu: namna ya kupiga voli, yaani kuupiga mpira kabla haujadunda, ukiwa bado njiani kwenda wavuni. Kwa tunavyoona sisi tunaofundisha, hilo ndilo pigo linalowapotezea wachezaji wetu pointi nyingi, na ndilo linalofundishwa kidogo kuliko yote. Picha za magazetini na vipande vya video vinavyozunguka kwenye simu huonyesha smashi, pigo kali la juu ya kichwa: mtu kapaa, mpira umeruka ukuta na kutoka nje. Mchezaji mpya akishaona hivyo mara kumi, anaingia uwanjani akiamini kwamba kwenda wavuni ni kwenda kumaliza. Kumbe safari yenyewe ina kazi yake, na kazi hiyo si kumaliza.

Kwa msomaji ambaye hajaingia ndani ya uwanja, ni mstatili wa mita 20 kwa 10, umegawanywa na wavu wenye kimo cha sentimita 88 katikati na 92 pembeni. Mstari wa kuanzishia uko mita 6.95 kutoka wavuni. Nyuma kuna kioo cha mita 3, na juu yake waya wa mita 1. Wanacheza wawili kwa wawili. Mpira ukishadunda upande wa mpinzani unaweza kugonga kioo na ukawa bado hai. Ukigonga kioo chake moja kwa moja bila kudunda, pointi ni yake. Hapo ndipo padeli ilipoachana na tenisi tangu Enrique Corcuera alipojenga uwanja wa kwanza wenye kuta huko Acapulco, Meksiko, mwaka 1969. Kwenye tenisi, voli kali iliyompita mpinzani imekwisha. Kwenye padeli, voli kali iliyompita inagonga kioo na kumrudia ikiwa imeinuka hadi kiunoni, naye anageuka na kuipiga akiwa ametulia. Kadiri ulivyoipiga kwa nguvu, ndivyo inavyotoka mbali na kioo, na ndivyo unavyompa muda wa kukuchagulia pa kukupiga.

Tuanze na safari. Anayeanzisha husimama nyuma ya mstari, karibu mita 7 kutoka wavuni. Anapotakiwa kuishia ni mita 2 na nusu, au 3 ikiwa wapinzani ni hodari wa lobu, yaani mpira unaoinuliwa juu ukuvuke kichwani. Ni mita 4 hivi, hatua nne au tano za mtu mzima. Inaonekana fupi, lakini muda alio nao ni ule tu wa mpira kwenda, kudunda, na mpinzani kuupiga. Ndiyo maana mpira wa kuanzia uliopigwa kwa nguvu zote mara nyingi ni hasara kwa mwenyewe: unaofika haraka hurudi haraka, unamkuta yuko hatua ya pili. Mpira wa kuanzia wenye faida ni wa kasi ya wastani, uliokatwa kidogo kwa chini (raketi inapita chini yake ili uzunguke kinyumenyume), unaodunda ndani ya kisanduku, eneo la mpokeaji kati ya wavu na mstari wa kuanzishia, na kwenda kukwaruza kioo cha pembeni. Kioo, si waya. Ukigusa waya kabla ya kudunda mara ya pili, umeharibu. Mpokeaji haruhusiwi kuupiga kabla haujadunda, kwa hiyo hana budi kusubiri, na akisubiri nusu sekunde wewe umepata hatua moja zaidi.

Sasa jambo lenyewe. Mpinzani anapoanza kuupeleka mkono mbele ili aupige mpira, popote ulipo, acha kukimbia. Ruka kidogo sana, nyayo zipae juu ya nyasi kwa urefu wa vidole viwili tu, halafu utue kwa miguu yote miwili pamoja, imepanuka kuzidi mabega kidogo, magoti yamekunjika, uzito uko mbele ya nyayo na si kwenye visigino. Kutua kunatakiwa kukutane na mpira kutoka kwenye raketi yake. Uwanjani tunaiita breki.

Breki ina sababu tatu, na mwanafunzi asipoelezwa sababu ataiacha siku ya pili. Kwanza, mwili unaokimbia mbele unajua njia moja tu. Mpira ukija mita moja kulia, miguu haiwezi kugeuka kwa wakati, basi mkono unatumwa peke yake. Pili, kasi ya mwili inaongezwa kwenye mpira. Mkono umefanya sawasawa, lakini mwili ulikuwa mbioni, na mpira unakwenda moja kwa moja kwenye kioo cha nyuma bila kudunda. Mchezaji anajilaumu mkono, anaanza kupiga polepole, na pigo linalofuata linaanguka wavuni. Tatu, kichwa cha anayekimbia kinapanda na kushuka, na macho yanapanda na kushuka nacho. Mpira wa padeli una kipenyo cha sentimita 6 na nusu hivi. Kuupata katikati ya raketi huku macho yanatikisika ni bahati nasibu.

Kosa kubwa hapa si kutojua breki. Wengi wameshaisikia. Kosa ni kuiwekea mahali. Mchezaji amejipangia kwamba atasimama hatua moja baada ya mstari wa kuanzishia, basi anakimbia hadi pale hata kama mpira umeshapigwa, au anasimama pale akisubiri hata kama bado ana nafasi ya hatua mbili. Mahali pa breki panaamuliwa na mkono wa mpinzani. Akichelewa kupiga, breki yako itakuwa mita 3 na nusu kutoka wavuni, na hiyo ni neema. Akiwahi, itakuwa mita 5, na hapo ukubali kupiga voli ukiwa mbali. Voli ya mbali iliyopigwa na mtu aliyetulia ni bora kuliko voli ya karibu ya mtu anayekimbia.

Ukitaka kujua kama mtu anaweka breki, fumba macho umsikilize. Nyasi bandia za padeli zimemwagiwa mchanga laini, na viatu vinasema. Anayeweka breki utasikia mikwaruzo ya hatua, kisha mlio mmoja mzito wa miguu miwili kutua, kisha mpira. Asiyeweka breki utasikia mpira ukilia katikati ya mikwaruzo, na mikwaruzo ikiendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Baada ya breki usigande kama mlingoti. Ni pumziko la kupepesa jicho, halafu mguu mmoja unasukuma na mwingine unakwenda mbele kwa mshazari kuufuata mpira. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mpira wa forihendi, yaani wa upande wa kulia, unafuatwa na mguu wa kushoto, na wa bekihendi, yaani wa upande wa kushoto, unafuatwa na mguu wa kulia. Mguu ule unatua karibu wakati ule ule raketi inapogusa mpira. Ukishapiga, hatua mbili fupi zinakupeleka mahali pako wavuni, na mpinzani anapojiandaa tena, unaweka breki nyingine. Kwa hiyo safari haikatiki, ina vituo tu.

Mkono wenyewe una mambo machache. Shika raketi kama unavyoshika nyundo ya kupigilia msumari, mshiko huo huo kwa forihendi na bekihendi, kwa sababu muda wa kubadilisha haupo. Kamba ya mkononi iwe imevaliwa. Ni sharti la mchezo na ni usalama wa mwenzako. Mkono usiopiga uishike shingo ya raketi wakati wa safari, raketi ikiwa mbele ya kifua, si pajani. Mpira ukija, geuza mabega, na raketi itageuka nayo. Usiipeleke nyuma kwa mkono. Ikivuka bega umeshachelewa. Kutoka hapo inakwenda mbele sentimita 30 au 40, ikishuka kidogo, uso wake umefunguka kidogo kuelekea juu, kama mtu anayesukuma kwa kiganja mlango uliorudishiwa. Mpira ukutane na raketi mbele ya mguu uliotangulia. Vidole viwe vimelegea njiani, vikaze wakati wa kugusa tu. Anayebana mpini tangu mwanzo hadi mwisho mpira wake hupasuka kwenye raketi na kuruka asikotaka.

Kimo cha mpira ndicho kinachoamua nguvu, na hapa ndipo tunapowaomba wachezaji wawe wakweli. Mpira ulio chini ya goti, ukiwa mita 4 kutoka wavuni, hauna njia nyingine ila kupanda kwanza ndipo uvuke. Ukiupiga kwa nguvu, utapanda na kuendelea kupanda. Basi ule ni mpira wa kunusuru. Shuka kwa magoti, goti la nyuma likaribie nyasi, mgongo ubaki wima. Wengi huinama kiuno na kuangusha kichwa cha raketi chini ya kifundo cha mkono, na hapo raketi inakuwa kijiko cha kuchotea: mpira unaelea na wapinzani wanakuja mbele. Kichwa cha raketi kibaki sawa na kifundo au juu yake. Fungua uso, sukuma polepole, uvuke katikati ambako wavu ni wa sentimita 88. Zile sentimita 4 kati ya katikati na pembeni ni karibu upana wa vidole viwili, nazo zinatosha kuokoa pointi.

Mpira kati ya goti na utepe wa wavu ndio utakaoupata mara nyingi, kwa sababu wapokeaji wazuri hulenga miguu yako. Huo una ruhusa ya nguvu kidogo, tuseme nusu ya uwezo wako, na mkato wa chini. Mpira wa kifuani au begani ndio unaowaponza watu. Macho yanang'aa, mkono unarudi nyuma, na mtu anapiga kwa ghadhabu kutoka mita 4. Kutoka pale huna pembe ya kuuteremsha kwa ukali. Utadunda katikati ya kisanduku, utapanda kiooni na kurudi kama zawadi. Upeleke ndani, mzito kidogo, kisha songa mbele. Ukirudi tena uko juu ya bega na wewe uko mita 2 na nusu, hapo maliza.

Pa kupeleka ni ndani: udunde mita 1 au 1 na nusu kabla ya kioo cha nyuma, ukivuka wavu kwa nusu mita hivi. Mpira uliokatwa ukidunda pale unainuka kidogo, unagusa kioo ukiwa chini na kuteremka karibu na ukuta. Mpinzani anabaki amebanwa kati ya mpira na kioo, raketi yake haina nafasi ya kurudi nyuma, na jibu analoweza kutoa ni la kuinua tu. Akiinua, wewe umeshafika. Kona ambapo vioo viwili vinakutana ni bora zaidi, lakini ni ya anayejiamini. Kwa mwanafunzi tunasema katikati, baina ya wapinzani wawili: wavu ni mfupi, pembe za kukujibu ni chache, na mara nyingi wawili wale watatazamana.

Voli zikiharibika, tazama zinaharibika vipi. Zinazopiga kioo bila kudunda: hujasimama, au uso wa raketi umefunguka mno. Zinazoishia wavuni: umeinua macho kutazama unakopeleka kabla hujagusa, au umesubiri mpira hadi ukawa ubavuni. Zinazoelea na kuanguka katikati ya uwanja wa wapinzani: uzito ulikuwa kwenye visigino, au umepiga kwa kifundo cha mkono. Na kama mpira unagonga ukingo wa raketi mara kwa mara, rudi kwenye breki, usiguse kitu kingine.

Kuna jambo ambalo waliotoka kwenye tenisi huchelewa kulikubali. Mpira uliopigwa kwa kasi kifuani na kuelekea nyuma yako, au uliodunda miguuni kabla hujatulia, si lazima uuguse. Una kioo nyuma yako. Uache upite, geuka nao, uupokee kwa raketi ukitoka kiooni, uinue lobu, uanze safari upya. Umepoteza nafasi ya wavuni kwa pigo moja, lakini pointi bado iko hai. Ukilazimika kuupiga pale pale miguuni, shuka, raketi iwe karibu wima, uzuie tu bila kuvuta mkono, na uusindikize katikati.

Mwenza naye ana sehemu yake. Wakati unaanzisha, yeye yuko wavuni tayari, na wengi husimama mita 1 tu kutoka wavuni kana kwamba wanaulinda. Wewe ukiwa mita 4 naye mita 1, kati yenu kuna mlango mpana wa mshazari, na lobu fupi inamvuka kichwani. Asimame mita 2 na nusu au 3, akusubiri, na voli yako ikienda kulia nyote wawili msogee kulia, ikienda kushoto msogee kushoto, mkiwa na mita 3 au 4 baina yenu. Akumbuke pia kwamba kugusa wavu, kwa mwili au raketi, ni kupoteza pointi, na kuupiga mpira kabla haujavuka kuja upande wenu ni hivyo hivyo.

Haya yote yanahusu pia wanaopokea. Wakiinua lobu nzuri ikawavuka wapinzani, ni zamu yao kwenda mbele, na safari ni ile ile: pamoja, kwa breki, voli ya kwanza ndani.

Hali ya hewa yetu nayo haiendani na mafunzo ya video za Hispania. Adhuhuri ya Dar es Salaam inaupasha mpira joto, presha ya ndani inapanda, na mpira unaruka kama wa mtoto. Fupisha mkono zaidi. Usiku, unyevu unaingia kwenye manyoya ya mpira na kioo kinatoa jasho, basi mpira unakuwa mzito na kuteleza kiooni badala ya kurudi. Hapo voli ya ndani yenye mkato ina faida maradufu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unakwenda mbali kuliko ulivyokusudia. Mchezaji wa pwani akienda kucheza kule ajipunguzie nguvu robo nzima tangu mazoezi ya kupasha mwili. Na popote, mchanga ukirundikana karibu na mstari wa kuanzishia, breki inageuka kuwa mtelezo. Pitisha brashi kabla ya kucheza.

Mazoezi yanayosaidia hayahitaji gharama. Weka alama mbili, mita 4 na mita 2 na nusu kutoka wavuni, na tandika taulo mita 1 na nusu kabla ya kioo cha upande wa pili. Kwanza bila raketi: anza nyuma ya mstari, kimbia, mwenzako aliye upande wa pili apige mpira polepole, weka breki, hatua moja, udake kwa mkono mbele ya kifua. Mipira 20. Anayedaka hujifunza mwenyewe kwamba mkono haurudi nyuma, maana hakuna anayedaka mpira nyuma ya sikio. Kisha shika raketi shingoni, karibu kabisa na uso wake, upige 20 polepole. Mwisho shika mpini wa kawaida, upige 20 ukilenga taulo. Hesabu ni hii: mpira uliofika kwenye taulo lakini breki haikuwapo, ni sifuri. Uliokosa taulo kwa mita moja lakini breki ilikuwapo, ni pointi. Mwenzako ndiye mwamuzi, naye aamue kwa masikio. Mara mbili kwa wiki, dakika 20 kabla ya mchezo, zinatosha.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Mpiga picha wako akienda tena kwenye mashindano ya padeli, mbali na zile smashi, akae pembeni kwenye mlango wa uwanja, ashushe kamera chini, na apige picha ya miguu ya anayeanzisha wakati ule ule mpinzani anapougusa mpira. Mkiichapisha picha hiyo, sisi tutaikata na kuibandika kwenye kioo cha uwanja tunaofundishia, upande wa ndani, pale wanapofungia kamba za viatu.

Ni sisi,
Makocha wa padeli,
Dar es Salaam